Shangazi, mbwa wa miguu mitatu anaweza kumwongoza mjomba asiyeona?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nakaanga na kuuza samaki Mtwara mjini. Nyumbani ni Nanguruwe, na huko ndiko anakoishi mjomba aliyenilea tangu mama alipofariki. Alinisomesha kwa korosho zake, kwa hiyo popote nilipoandika mjomba, soma baba.

Mjomba ana miaka 67. Miaka mitatu iliyopita jicho lake la kulia lilizima. Hospitali wakasema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone. Aliitumia miezi michache akaiacha, akasema kila siku anadondoshea na haoni chochote kilichorudi. Sasa la kushoto nalo anasema anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Ana mbwa wake, jina lake Watasema. Alimchukua akiwa mtoto, wa kulindia shamba, maana kwetu ukipanda muhogo bila mbwa umewapandia nguruwe pori na ngedere. Mwaka jana Watasema alipotea siku tatu. Akarudi usiku anajikokota, mguu wa nyuma wa kushoto umeliwa na waya wa mtego mpaka kwenye mfupa, na umeshaanza kuoza. Nilimtia kwenye tenga la samaki, nikalifunga nyuma ya bodaboda, nikampeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Mguu ukakatwa wote, juu kabisa kwenye nyonga. Majirani walinicheka sana, ati mtaji wa samaki umeishia kwa mbwa.

Alipona, tena vizuri. Mjomba akitoka kwenda msikitini au kukaa chini ya mwembe na wenzake, Watasema humtangulia hatua tatu nne. Anaruka kwa miguu yake mitatu na mchanga unatoa mlio wa peke yake: tap-tap, kimya kidogo, tap. Mjomba anasema akiusikia anajua njia iko wapi.

Basi nikaona kwenye simu video za mbwa wanaoongoza wasioona huko Ulaya. Nikasema, mbona wa kwetu kashaanza mwenyewe? Nikachukua kamba ya ndoo ya kisimani, nikamfunga shingoni, ncha nyingine nikampa mjomba. Siku mbili walikwenda na kurudi salama. Siku ya tatu wakatokea mbwa wawili wa mtaa wa pili, Watasema akachomoka, mjomba akaburutwa hadi mtaroni. Goti lilichanika, kifundo cha mkono kikateguka.

Toka hapo nyumbani hakukaliki. Mke wa mjomba anasema mbwa ni najisi, alimvumilia kwa sababu ya shamba tu. Jirani anasema mbwa kilema ni mkosi. Kaka yangu kasema mbele ya wote pale kibarazani, "Huyu ana kazi gani sasa? Anakula tu. Apewe sumu yaishe." Mjomba hakujibu kitu. Ila usiku, nilipokuwa namfunga kitambaa mkononi, aliniuliza taratibu: "Na mimi kazi yangu nini?"

Shangazi, Watasema anaweza kufundishwa vizuri akamwongoza mjomba? Na kama hawezi, nimfanyeje? Sumu mimi siwezi kumpa.

Mpwa, Nanguruwe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na mpe pole mjomba.

Nitaanza na unachotaka kujua. Watasema hatakuwa mbwa mwongozaji. Na sumu hapewi. Katikati ya hayo mawili pana mengi ya kufanya, na mengine hayahusu mbwa kabisa.

Wale mbwa uliowaona kwenye simu si mbwa waliojianzia wenyewe. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Marekani wakawa na yao mwaka 1929, na Uingereza mbwa wanne wa kwanza wakamaliza mafunzo mwaka 1931. Siku hizi mafunzo huenda hivi. Mtoto wa mbwa hulelewa na familia kama mwaka mzima, azoee watu, magari na kelele. Kisha huingia kwa mwalimu miezi kadhaa, na mwishoni yeye na mtu wake hufundishwa pamoja. Wengi hukataliwa njiani, na kinachomwangusha mbwa mara nyingi ni kilekile kilichomwangusha mjomba: kuvutwa na mbwa wenzake.

Jambo jingine ambalo video hazionyeshi ni kwamba mbwa yule hajui njia ya kwenda popote. Anayejua njia ni mtu. Yeye ndiye anayesema kushoto, kulia, mbele. Kazi ya mbwa ni kumpitisha pembeni ya shimo, kumsimamisha ukingoni mwa barabara, na kukataa amri akiona gari linakuja. Hilo la kukataa ndilo gumu kuliko yote kufundisha. Anavalishwa hatamu yenye mpini mgumu ili kila anapogeuka bega, mkono wa mtu uhisi. Kamba ya ndoo ni laini, haisemi kitu mpaka imekaza, na ikikaza mtu ameshaanguka.

Halafu kuna mwili wake. Mbwa mwenye miguu minne hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake mbele na 40 nyuma. Ndiyo maana aliyepoteza mguu wa nyuma huwahi kuzoea kuliko aliyepoteza wa mbele, na ndiyo maana Watasema anaruka vizuri hivyo. Lakini mabega yale na mguu mmoja wa nyuma uliobaki sasa vinafanya kazi ya vinne. Ukimwongezea mtu mzima wa kumvuta, unazimaliza nyonga na mgongo wake kabla ya wakati. Kwa hiyo hata ungempata mwalimu kesho, Watasema asingechaguliwa, na ingekuwa haki asichaguliwe.

Nawaheshimu sana wanyama wa kazi. Ng'ambo ya Ruvuma, ambako wengi wenu mna ndugu, ardhi ilijaa mabomu ya vita. Yakateguliwa kwa kazi ya miaka mingi ya watu na mashine, pamoja na mbwa na panya buku waliofundishwa Morogoro, mpaka mwaka 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana. Kila mnyama pale aliitwa kwa kile alichonacho, yaani pua. Na Watasema tumtazame hivyohivyo.

Ana masikio mawili, ana pua, ana sauti. Nguruwe pori akiingia kwenye muhogo saa nane usiku hasubiri kuhesabu miguu ya anayembwekea. Korosho zikishaanikwa na magunia yakiwa ndani, mwizi naye anaogopa kelele. Kumkimbiza nguruwe porini hilo limekwisha, tena msimwache afuatane na mbwa wengine kuwinda, atabaki nyuma aumizwe. Ila kulala penye upepo, kando ya ghala au nyumba, akabweka kwa wakati, hiyo ni kazi kamili. Mbwa wengi wa Mtwara wenye miguu yote minne hawafanyi zaidi ya hapo.

Mke wa mjomba usishindane naye. Anasema alichofundishwa, nami nilifundishwa hayohayo madrasani Lindi: mbwa akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini masomo yaleyale yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba, na yanasema najisi huhama kwa unyevu, si kwa ukavu kugusa ukavu. Sote tulisimuliwa pia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa anakula udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Mimi si sheikh, na wenu wa Nanguruwe mnaweza kumwuliza. Cha kufanya nyumbani ni kidogo: Watasema awe na chombo chake kisichochanganywa na vya ndani, asivuke kizingiti, na kanzu ya kuswalia ya mjomba isitundikwe kibarazani. Mpe mama huyo usalama wa vyombo vyake na mkeka wake wa swala, utaona maneno yanapungua. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake mwongozaji. Mbwa alitengewa mahali pake pa kusubiri, hakuingia panaposwaliwa, na kijana akaswali na wenzake. Palipatikana njia bila mtu kuacha dini yake.

Sasa nakuja kwenye lililonikosesha usingizi.

Umeniandikia kurasa nzima za mbwa, na katikati ukanipitishia mstari mmoja kwamba mjomba aliacha matone. Mwanangu, matone ya presha ya macho hayarudishi kilichopotea, wala hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho ili mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo usiendelee kufa. Mgonjwa haoni faida yoyote, kwa sababu faida yenyewe ni kubaki alipo. Wengi huyaacha kwa sababu ileile ya mjomba, na hakuna aliyewaeleza. Huko kuona kama kwenye tundu la ufunguo ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, unakula pembeni kwanza na kati unaiacha mwisho. Maana yake jicho la kushoto bado lina kitu cha kuokoa. Wiki hii, usingoje mnada wa korosho, mpeleke kliniki ya macho pale hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Na ukifika naye, kaa kwenye foleni nawe upimwe. Ugonjwa huu unatembea ndani ya ukoo, na ninyi watoto wa dada zake hamko nje. Kaka yako naye.

Cha kumwongoza mjomba ni fimbo nyeupe. Urefu wake, akisimama wima, utoke chini hadi kwenye chembe cha moyo. Fupi zaidi ya hapo itamwonya akiwa ameshafika. Anaipeleka kushoto na kulia mbele yake, upana wa mabega, ncha iguse chini kidogo tu. Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha iko kulia. Wa kulia ukienda, ncha iko kushoto, ili kila anapokanyaga pawe pameshaguswa. Siku za kwanza atachoka kifundo cha mkono, basi ngojeni kile kilichoteguka kipone. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, na uliza pia Chama cha Wasioona Tanzania, maana wa kumfundisha mtu fimbo vizuri ni yule anayeitumia mwenyewe. Wakati mnasubiri, mwanzi mwepesi uliopakwa rangi nyeupe si mbaya. Rangi ile nayo ina kazi: inamwambia dereva wa bodaboda kwamba huyu mzee hamwoni. Anza na njia moja tu, ya msikitini, mtembee pamoja mara nyingi mpaka ahesabu mwenyewe mti, kona na mtaro ule.

Na Watasema aende naye? Aende, bila kamba. Mjomba asikie kule kuruka kwake kama anavyosikia mwenzake anayetembea naye, lakini ardhi aiulize fimbo. Tena mfunge Watasema njuga moja ndogo shingoni, za ngoma zinafaa. Nimewahi kuona mzee akivunjika nyonga kwa kumkwaa mbwa wake aliyelala mlangoni. Njuga itamwambia mjomba kalala wapi.

Hapo ndipo nataka kumjibu mjomba swali lake, na naomba umsomee.

Mjomba, mbwa mwenye miguu mitatu anahitaji kukaguliwa kila siku, na mikono yako inafaa kuliko macho ya wote hapo nyumbani. Asubuhi, manyoya yake yakiwa makavu, anza kwenye masikio. Kupe hujificha ndani ya sikio na chini ya kwapa. Mwenye macho humpita, kidole hakimpiti. Shuka mbavuni. Ukizihesabu mbavu kwa kupapasa kidogo bila kubonyeza, uzito wake ni mzuri. Zikijificha kwenye mafuta, punguza chakula, kwa sababu kila kilo ya ziada inaukalia mguu ule mmoja. Zikichomoza kama mianzi ya uzio, hana chakula cha kutosha au ana minyoo. Kisha nyonga ya kushoto, pale kovu lilipo. Pawe pakavu na pa baridi kama ngozi nyingine. Pakiwa na joto, au akikwepa mkono wako, kuna jambo. Palipo na kidonda usiguse kwa mkono mtupu, mwite mpwa wako. Nzi wakitaga pale, kesho yake ni funza. Malizia kwenye nyayo. Unyayo wa nyuma uliobaki ndio unaochubuka, na kucha zake hazisagiki sawa na za mwanzo. Ukimaliza, nawa mikono.

Sijatunga kazi hiyo ili kukuliwaza. Isipofanywa, mbwa ataumwa.

Nirudi kwako, mpwa. Wewe unauza samaki, kwa hiyo najua anachokula. Mifupa iliyokaangwa au kupikwa humeguka kama vigae na kuchoma tumbo; mpe minofu, mabaki ya ugali au muhogo uliopikwa, na chumvi iwe kidogo. Alale kwenye gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, si kwenye saruji tupu, maana nyonga isiyo na mguu haina kinachoizuia isichubuke. Atembee kidogo mara nyingi, asitembezwe mbali mara moja. Ingekuwa miguu yote miwili ya nyuma imepooza, ningekuandikia mengine, habari za kigari cha magurudumu mawili, za kumkamua mkojo kwa mkono kila baada ya saa kadhaa na za vidonda vya kulalia. Wapo wanaowalea hata hao. Wako hajafika huko.

Alichanjwa kichaa cha mbwa? Hukuandika, nami nilishtuka niliposoma kwamba alilala porini siku tatu na wewe ukamshika na vidonda vyake. Kuanzia mwaka 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, lakini mbwa aliyezaliwa baada ya kampeni hana kinga ya kampeni. Muulize afisa mifugo wa kata. Chanjo hurudiwa, na mara nyingi hutolewa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili hakuna dawa.

Na huo waya ulitegwa na nani? Kabla hamjafyeka chini ya mikorosho, mtembee shamba zima mkatafute. Palipo na mtego mmoja huwa pana mingine, na wanaoinama kuokota korosho ni watoto.

Kwa habari ya sumu, ninyi mkijadiliana kibarazani mjue kwamba tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama ni kosa. Mbwa aliyelishwa sumu hafi kwa dakika moja, na nyama yenye sumu haichagui, inamuua kuku, paka, pengine mtoto aliyeiokota. Ikifika siku Watasema anaumwa maumivu yasiyopona, daktari wa mifugo ana sindano ya kumlaza asiamke. Siku hiyo haijafika, kwa maelezo yako ni mbwa mzima anayekula, anayebweka na anayempenda mtu wake.

Kaka yako mwite pembeni, mbali na kibaraza. Usimgombeze. Mwambie tu kwamba siku ile aliposema "ana kazi gani, anakula tu", mzee asiyeona alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, na usiku akakuuliza wewe swali lilelile juu ya nafsi yake. Naamini hakujua. Akishajua, mpe yeye pikipiki ampeleke mjomba Ligula.

Niandikie matone yakishaanza. Na kamba ya ndoo irudishe kisimani.